Mgeni wa Siku ya Tatu Muhokya

Tangu Machi 2011 watu wamekuwa wakipanga foleni New York, na baadaye London, kununua tiketi ghali ili wakacheke Uganda. Mchezo wa muziki The Book of Mormon, kazi ya Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez, unawatupa vijana wawili wa Kimarekani, wamisionari wa Kimormoni, katika kijiji cha Uganda chenye maradhi, ufukara na mbabe wa vita. Mwaka huohuo ulizoa tuzo 9 za Tony. Vijana wale wanafika wakiwa mbumbumbu, wanababaika, wanaumbuka, mwishowe wanakomaa. Uganda haikomai. Imewekwa nyuma kama pazia ili wageni waonekane vizuri.

Mchezo ule ni dhihaka, na dhihaka ina leseni yake. Linaloudhi zaidi ni kwamba hata simulizi zisizo na dhihaka, zile zinazotolewa kanisani na sebuleni kijana anaporudi kwao kutoka misheni, hufuata mkondo huohuo. Alikwenda Afrika, akakosa maji ya moto, akaugua malaria, akajifunza kushukuru, akarudi mtu mzima. Yote hayo huenda ni kweli. Lakini mtu hakomai hewani. Alikomaa kwenye ua wa mtu, kwa chakula cha mtu, kwa subira ya mtu aliyemsahihisha salamu asubuhi baada ya asubuhi. Mtu huyo katika simulizi hana jina, na mara nyingi hapewi hata sentensi moja ya kusema.

Wahenga wameshasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Misheni ya miezi 24 ina siku za tatu nyingi mno. Kabla ya kuuliza kijana amekua kiasi gani, haki ni kuuliza kama alishika jembe.

Utaratibu wenyewe wa misheni si mchezo. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi bado wanaliita la Wamormoni ingawa rais wake wa wakati huo, Russell Nelson, aliomba mwaka 2018 jina hilo liachwe, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Makao yake ni Salt Lake City, na lina wamisionari zaidi ya 70,000 duniani, wengi wao vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa: wavulana kutoka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Wavulana hutumika miezi 24, wasichana 18. Hakuna anayechagua aendako. Anajaza fomu, anapimwa afya, anangoja barua, na barua inaweza kutaja Texas, Manila au Kampala.

Akifika anapangiwa mwenzi, mara nyingi mtu ambaye hawajawahi kuonana, na kuanzia siku hiyo wawili hao hawaachani isipokuwa bafuni. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi na kulala saa 4:30 usiku. Mshahara hakuna, uchumba hakuna, sinema hakuna. Hadi mwanzoni mwa 2019 simu ya nyumbani iliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu Februari ya mwaka huo wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi kila wiki. Mzazi wa Kiafrika aliyewahi kumpeleka mwanawe shule ya bweni ataelewa maana ya badiliko hilo bila kuelezwa.

Wapo wanaoacha njiani ambao hawashindwi na mbu wala joto. Wanashindwa na mwenzi. Kulala chumba kimoja, kula meza moja na kubisha hodi mlango mmoja na mtu anayekoroma, anayenuna, anayesali kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika, wiki baada ya wiki, bila ruhusa ya kwenda hata dukani peke yako: hapo ndipo kijana aliyelelewa na chumba chake na ufunguo wake anapogundua kwamba hajui kusema samahani. Waliokulia kwenye nyumba za watoto wanane hucheka wakisikia hili likiitwa jaribu. Hata hivyo nao wana lao, na litakuja.

Uganda ilifunguliwa kwa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Misheni ya Kampala ilianzishwa 2005, kigingi cha kwanza, yaani jimbo dogo linalokusanya matawi kadhaa, kikaundwa mwaka 2010, na Oktoba 2024 kanisa likatangaza kwamba litajenga hekalu Kampala. Kwa nchi ambayo Waanglikana waliingia 1877 na Wakatoliki 1879, huo ni ujana mtupu. Sababu moja ya ujana huo haipendezi: hadi Juni 1978 kanisa hili halikuwapa wanaume weusi ukuhani wake. Kijana wa miaka 19 anayebisha hodi katika mji wa Kiafrika anapaswa kuwa na jibu la swali hilo, maana litaulizwa, na atakayeuliza huenda ni mwalimu mstaafu mwenye muda wote wa mchana na hamu ya mjadala. Kulijibu bila kukwepa, bila kusingizia zama, bila kugeukia mstari wa Biblia usiohusika, ni somo ambalo hakuna chuo cha mafunzo kinachoweza kulimaliza. Anayekuja kulifundisha kwa vitendo ni yule mwalimu mstaafu, bila ada.

Basi lipime jambo hili kwa Muhokya.

Muhokya ni mji mdogo wa barabarani, kusini ya Kasese, kwenye njia iendayo Kikorongo, Katunguru na hatimaye Mbarara. Magharibi yake imesimama Rwenzori. Mashariki ardhi inalala kuelekea Ziwa George na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Ikweta inapita jirani. Watu hapa huchoma chokaa: mawe hupasuliwa kwa nyundo, hupangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa kuni, kisha humwagiwa maji hadi yafumuke kuwa unga. Unga huo hukaa kwenye nyusi, kwenye ukucha, kwenye kola. Shati jeupe na tai, sare iliyozoeleka ya mmisionari wa Kimormoni, hapa si alama ya usafi. Mchoma chokaa anayelitazama shati hilo anajua saa ngapi lilifuliwa na nani hakulifua.

Wakazi ni mchanganyiko. Bakonzo wa milimani, Basongora wafugaji waliosukumwa na hifadhi za wanyama pande zote mbili za mpaka wa Kongo, Banyabindi, na wajukuu wa watu waliokuja kutafuta kazi katika machimbo ya shaba ya Kilembe, reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Ndiyo maana Kiswahili, ambacho sehemu nyingine za Uganda hukionea shaka kama lugha ya bunduki, huku ni lugha ya kazi, na ukishuka hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe ni lugha ya soko. Siku za soko pale Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, mtu akijua Kiingereza tu atanunua, lakini atanunua kwa bei ya mgeni.

Hata hivyo Kiswahili nacho kinamfikisha mtu sebuleni tu. Jikoni wanasema Lhukonzo. Mmisionari anayesalimu kwa "wabukire" asubuhi na kushukuru kwa "wasingya" hajawa Mkonzo, lakini ameacha kuwa tangazo linalotembea. Kisha yapo majina. Daftari la mmisionari huandikwa majina ya watu wa kurudiwa, na katika mtaa mmoja wa Kasese linaweza kujaa akina Bwambale, Baluku, Masereka, Masika na Biira hadi mwenye daftari akadhani anachezewa. Hachezewi. Bakonzo huwapa watoto majina kwa mfuatano wa kuzaliwa: Bwambale ni mtoto wa pili wa kiume, Masereka wa tatu, Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili. Anayelijua hilo huuliza, "Bwambale wa nani?" na kwa swali hilo moja anaonyesha kwamba ametambua kuna baba, kuna mama, kuna ukoo. Asiyelijua anaendelea kutafuta mtu mmoja mmoja kana kwamba watu huota peke yao.

Chakula nacho. Bundu, ugali wa unga wa muhogo, huja ukiwa wa moto na unanata. Hukatwa tonge kwa vidole vya mkono wa kulia, likaviringishwa, likabonyezwa kwa dole gumba hadi liwe na kishimo, ndipo linachota sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mgeni wa mara ya kwanza huliacha libandikane vidoleni, kisha hujaribu kulitafuna, na watoto wa nyumba hutazama tonge hilo likipanda na kushuka shavuni kwa furaha isiyofichika. Mama mwenye nyumba huwakemea watoto huku yeye mwenyewe akiuma midomo asicheke. Haya ni madogo, lakini ndiyo ukuaji wenyewe: kijana aliyezoea kuwa mwenye jibu anakuwa kwa robo saa mtu asiyejua kula.

Baada ya chakula huja chai, na hapo ndipo imani inapokutana na adabu. Neno la Hekima, mafundisho ya afya ambayo kanisa hili linayo tangu 1833, linakataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Kukataa pombe ya ndizi ni rahisi. Walokole wa Kasese wanaikataa na hakuna anayeshangaa. Kukataa chai iliyochemshwa kwa ajili yako, kwa sukari iliyonunuliwa kwa ajili yako, ni shughuli nyingine. Na miteremko ya Rwenzori ni shamba la kahawa. Kahawa ya arabika ya huku imeunda vyama vya ushirika, Bukonzo Joint kikiwa kinachojulikana zaidi, na imelipa ada za shule za vizazi. Mwongofu wa Kimormoni katika vilima hivi anaweza kulima kahawa, kuikausha na kuiuza, akaishi maisha yake yote bila kuionja. Kijana kutoka Utah akileta katazo hilo kama jambo jepesi, amekosa kuona kikombe hicho kina nini ndani yake.

Wapo wanaosema ugumu wa Kasese ni umaskini. Hao hawajasoma habari za karibuni. Novemba 2016 askari walivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa kimila wa Bakonzo, mjini Kasese na zaidi ya watu 100 wakauawa. Juni 2019 Bwera ilipata mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini Uganda katika mlipuko ulioanzia Kongo, mtoto wa miaka 5. Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe usiku na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, baadhi wakichomwa bwenini. Oktoba ya mwaka huohuo watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mahali kama hapa kubisha hodi kwa mtu usiyemjua si jambo la kawaida. Mlango ukichelewa kufunguliwa usiseme watu wamekuwa wagumu wa moyo.

Tena kuna Kanungu. Machi 2000, katika wilaya hiyo ya kusini-magharibi, mamia ya wafuasi wa kikundi cha kidini kilichojitenga waliteketea kanisani, na maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za viongozi. Kenya ilipata maafa yake ya aina hiyo Shakahola mwaka 2023. Dini mpya ikifika kijijini ikiwa na vitabu vya bure na vijana wachangamfu, mzee wa familia ana haki ya kuitazama kwa jicho la pembeni. Mmisionari anayelichukulia jicho hilo kama mateso kwa ajili ya imani amejitukuza bure. Ni tahadhari ya watu waliozika.

Kasese haikuhitaji kusubiri Salt Lake City ili kujua mmisionari wa ng'ambo ni mtu gani. Karibu miaka 130 iliyopita, upande wa pili wa milima hii, alipita mmoja ambaye hakutoka Ulaya wala Marekani. Apolo Kivebulaya, Muganda aliyebatizwa 1895, alitumwa Toro na mwaka 1896 akavuka hadi Boga, ambayo leo iko Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa. Chifu Tabaro aliwanyima chakula na wao hawakuwa tayari kulima. Kivebulaya alikwenda na jembe. Alilima chakula chake mwenyewe, jambo ambalo kwa mwanaume wa Kiganda wa wakati ule lilikuwa kujishusha, maana jembe lilikuwa la wanawake. Alituhumiwa kuhusika na kifo cha dada wa chifu, akapelekwa Toro akiwa mahabusu, akaachiwa, akarudi kulekule. Chifu mwenyewe baadaye alibatizwa. Uzeeni Kivebulaya aliingia msituni kwa Wambuti na kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki Boga mwaka 1933 baada ya karibu miaka 40 ya utumishi, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kuliko na msitu.

Ni rahisi kusema kwamba kumlinganisha kijana wa miezi 24 na mtu wa miaka 40 ni uonevu. Uonevu ungekuwa kudai akae miaka 40. Kinachodaiwa ni jembe tu, na jembe halihitaji miaka 40. Baadhi ya Wamormoni wanalishika: wanapalilia, wanabeba maji, wanasaidia kufyatua matofali, na kanisa lao lina nafasi rasmi ya saa za huduma kila wiki. Tatizo ni kwamba saa hizo huhesabiwa pembeni, na kinachohesabiwa katikati ni masomo yaliyofundishwa na waliokubali kubatizwa. Kijana hupima wiki yake kwa namba hizo. Zikishuka, anajiona ameshindwa. Zikipanda, anajiona amekua. Mwenye nyumba aliyekaa naye jioni tatu akimsikiliza kwa heshima kisha akasema hapana, katika hesabu hiyo ni hasara. Katika hesabu ya utu ni mwalimu wa wiki nzima.

Muhokya yenyewe ina mfano mwingine wa anayehubiri na kubaki, na huu ni wa kushangaza. Kasese ndiko Bwambale Robert Musubaho, mwenyeji aliyekulia katika Ukristo na baadaye akauacha, alikoanzisha shule za kibinadamu zisizofungamana na dini. Shule ya kwanza ya Kasese Humanist ilifunguliwa 2011 na kaulimbiu yake ni kwamba kwa sayansi tunaweza kusonga mbele. Mwaka 2015, kwa michango iliyokusanywa mtandaoni kutoka kwa Wamarekani wasioamini, kituo cha watoto yatima cha BiZoHa kilianzishwa Muhokya, na habari zikaenea ng'ambo kwamba hiki ndicho kituo cha kwanza duniani cha yatima cha wakana Mungu. Magazeti ya mbali yalipenda sana kichwa hicho cha habari. Wengi hawakujali kujua kwamba mtoto wa Muhokya anapofika shuleni anachohitaji kwanza ni uji.

Bila kukubaliana na Bwambale juu ya Mungu, mtu anaweza kuona alipo na nguvu kuliko wageni wote. Akigombana na jirani leo, kesho watakutana kisimani. Mfadhili wa California akichoka anafunga kompyuta yake. Mmisionari wa Utah tarehe yake ya kuondoka imeandikwa tangu siku aliyofika. Bwambale hana tarehe. Lolote analolihubiri, analihubiri mbele ya watu waliomjua akiwa mtoto, na hiyo ni mizani kali kuliko ya kanisa lolote.

Yanayosemwa hapa juu ya wageni weupe yanaanza kupitwa na wakati, tena kwa haraka. Wengi wanaovaa kile kibandiko cheusi cha jina kifuani katika miji ya Afrika Mashariki sasa ni Waafrika. Joseph Sitati, mhandisi mzaliwa wa Bungoma, alijiunga na kanisa hili 1986, miaka 8 tu baada ya mlango wa ukuhani kufunguliwa. Mwaka 2001 akawa rais wa kwanza wa kigingi cha Nairobi, baadaye akatumwa Nigeria kuongoza misheni ya Calabar, na Aprili 2009 akaitwa kwenye uongozi wa dunia nzima. Thierry Mutombo wa Kinshasa alikuwa akiongoza misheni ya Baltimore, nchini Marekani, alipoitwa kwenye uongozi huohuo mwaka 2020. Yaani Mkongomani alikuwa ndiye mlezi wa vijana wa Kimarekani, nchini mwao. Mchezo ule wa New York haukuota jambo hilo.

Lakini kijana wa Kiafrika anayekwenda misheni hukutana na mambo ambayo simulizi za Utah hazina msamiati wake. Familia ya Kimarekani huchangia kiwango kimoja kwa mwezi, utaratibu uliowekwa 1991 ili anayetumwa Tokyo asilipe zaidi kuliko anayetumwa Peru. Familia ya Muhokya hutoa inachoweza na mfuko wa kanisa hujazia. Tofauti iko kwingine. Kwa kijana wa Marekani, miaka miwili bila kipato ni mapumziko kabla ya chuo. Kwa kifungua mimba wa mama mjane anayeuza samaki wa Ziwa George, ni ada za wadogo wanne ambazo hazitatoka popote. Akiondoka, majirani hawasemi ameitwa na Mungu. Wanasema amemtupa mama yake. Anakwenda kuhubiri kuhusu familia akiwa amebeba swali hilo kwenye begi, na hilo ndilo jaribu ambalo wale waliokulia kwenye nyumba za watoto wanane hawawezi kulicheka.

Kisha kurudi. Kwa vijana wengine wa huku, nyumba ya wamisionari ndiyo ya kwanza maishani mwao yenye bomba ndani na milo mitatu ya uhakika. Miaka miwili ikiisha, wanarudi kwenye chumba walichokiacha, wakiwa na tai nne na Kiingereza kizuri, bila kazi. Kanisa lenyewe liliona tatizo hilo. Machi 2001 Gordon Hinckley, rais wake wa wakati huo, alitangaza Mfuko wa Kudumu wa Elimu, mikopo ya masomo iliyolengwa hasa kwa vijana wa nchi maskini waliotoka misheni na kuzama tena katika ufukara uleule. Ni mpango wa busara kuliko mahubiri mengi. Tena ni ungamo: kukua rohoni hakulipi kodi ya nyumba.

Mwaka 2020 ulifanya jaribio ambalo hakuna mchungaji angelithubutu. Machi, korona ilipoenea, kanisa liliwarudisha makwao wamisionari wa kigeni kutoka sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwemo, na Uganda ikafunga uwanja wa Entebbe. Mei, mto Nyamwamba ukavunja kingo. Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, maelfu wakakosa makazi Kasese, na mamia ya familia yakaishia kambini Muhokya, chini ya turubai, ambako wengine walikaa miaka. Vijana waliobeba miti ya kusimamishia turubai hizo walikuwa wa hapa, Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, Waislamu, na wasio na dhehebu. Hakuna haja ya kuwalaumu waliorudishwa. Amri ilikuwa ya busara na kiafya ilikuwa lazima. Lakini ukitaka kujua Muhokya inategemea nani, jibu lilitolewa mwezi ule, na wote waliomo kwenye jibu hilo wana anwani ya Kasese.

Kwa hiyo yako mambo matatu ya kuwaomba wanaotuma vijana huku, Wamormoni na wengine wote, maana wafadhili wa kidunia hawako salama katika shitaka hili. Kwanza, Lhukonzo ifundishwe kabla ya tai kufungwa; wiki sita za salamu, majina na adabu za mezani zingeokoa miezi sita ya aibu. Pili, binti wa mtaani anayeitwa kila mara kutafsiri alipwe. Kwa kawaida huitwa rafiki wa kanisa na hupewa asante. Kazi yake ingekuwa na jina na malipo kama angekuwa ofisini Kampala, na bila yeye mahubiri yote yangeishia kwenye tabasamu.

La tatu ni dogo, ndiyo maana huenda likapuuzwa. Wamisionari hutoa taarifa kila wiki: masomo mangapi, wangapi wamekuja ibadani, wangapi wamewekewa tarehe ya ubatizo. Kwenye taarifa hiyo iongezwe safu moja ya mwenyeji, mama mwenye nyumba au jirani wa mlango wa pili, akieleza wageni wake wamesaidia nini wiki hii na wamemuudhi wapi. Ajaze mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Lhukonzo, na isomwe Kampala kabla ya kijana mwingine hajapangiwa mtaa ule.